Msongo wa Mawazo na Nywele za Mwanamume Mweusi: Jinsi ya Kujikagua na Kuirudishia Ngozi ya Kichwa Afya Yake

Ukianza kuona nywele nyingi kwenye taulo au kwenye mto, chanzo chake kitafute miezi miwili hadi mitatu nyuma. Mtu anafiwa Januari, anapita kipindi kigumu, mambo yanatulia Machi, kisha Aprili nywele zinaanza kumtoka. Hapo analaumu shampuu aliyonunua wiki iliyopita au mashine ya kinyozi, anabadilisha vyote viwili, na nywele zinaendelea kutoka kwa sababu kilichozing'oa kilishapita zamani.

Kosa la pili lina madhara makubwa zaidi, nalo ni kusema "stresi tu hiyo" juu ya kila kinachotokea kichwani. Nywele zilizotolewa na msongo kwa kawaida huota tena. Lakini yapo magonjwa ya ngozi ya kichwa, na baadhi yake huwapata wanaume weusi kuliko watu wengine, ambayo huua mzizi na kuacha kovu. Mzizi uliokufa kwa kovu haurudi tena. Kwa hiyo hapa tunaanza na kujikagua, dawa zitafuata.

Kinachotokea chini ya ngozi

Kila unywele hupita awamu tatu. Hukua kwa miaka 2 hadi 6, husinyaa kwa wiki 2 hadi 3, halafu hupumzika kwa takriban miezi 3. Mapumziko yakiisha, unywele wa zamani hutoka na mpya huchipua katika tundu lile lile. Kwenye kichwa chenye afya, nywele kama 9 katika kila 10 zinakua na 1 imepumzika.

Tupige hesabu. Kichwa chenye nywele 100,000 kina nywele 10,000 zilizopumzika. Zikitoka zote katika siku 100, ni nywele 100 kwa siku, na hicho ni kiwango cha kawaida. (Watu wenye asili ya Afrika huwa na nywele pungufu kidogo ya hapo, lakini hesabu ni ile ile.) Mwili ukipata mshtuko mkubwa, kama homa kali, upasuaji, msiba au kupungua uzito kwa ghafla, nywele nyingi zilizokuwa zikikua huacha kukua kwa pamoja na kuingia mapumzikoni. Tuseme zimefika 30,000. Miezi mitatu baadaye zitakuwa zikitoka 300 kwa siku. Madaktari huiita hali hii telojeni efluviumu. Mizizi yote iko hai, ila ratiba yake ndiyo imevurugika.

Homoni ya msongo, kotisoli, ina mkono wake hapa. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2021 ulionyesha, kwa panya, kwamba homoni ya msongo ya wanyama hao, inayolingana na kotisoli, huzizuia seli zilizo kwenye kitako cha mzizi zisitoe protini iitwayo GAS6. Protini hiyo ikikosekana, seli shina zinazoanzisha unywele mpya hubaki zimelala. Kwa binadamu, ushahidi wenye nguvu uko upande wa mishtuko mikubwa, hasa ya mwili, kuliko uchovu wa kawaida wa kazini. Jambo hili lina uzito, maana mtu mwenye msongo wa kila siku ambaye nywele zinamtoka sana anahitaji pia kupimwa damu. Huenda msongo hauko peke yake.

Ngozi nayo huumia kwa njia yake. Wakati wa msongo hupoteza maji haraka zaidi na huchelewa kujiziba inapochubuka. Mishipa ya fahamu iliyo ndani yake huamsha mwasho, mtu anajikuna, ngozi inachubuka, na mchubuko unaleta mwasho mwingine. Mba uliokuwa mdogo unalipuka.

Jikague kwanza

Simama penye mwanga wa dirisha mchana. Piga picha nne kwa simu: mstari wa mbele wa nywele, upande mmoja wa panja, utosi na kisogo. Rudia mara moja kwa mwezi, mahali pale pale, saa ile ile, nywele zikiwa na urefu ule ule. Nywele za wiki mbili tangu kunyoa huonekana nzito kuliko za siku mbili, na watu wengi hujidanganya kwa kulinganisha picha za aina hizo mbili. Usijikague kila siku. Huoni badiliko lolote kwa siku moja, na kujitazama kila asubuhi kunaongeza wasiwasi ule ule unaotaka kuupunguza.

Sasa tafuta nywele zilizotoka. Hapa mwanaume mwenye nywele fupi ana shida yake: unywele wa sentimita moja uliojikunja haumwonyeshi chochote bafuni, unakwenda na maji. Tandika foronya nyeupe kwa usiku saba, au mara moja kwa wiki, kabla ya kuosha, pitisha brashi laini kichwani kwa dakika 1 juu ya karatasi nyeupe. Hesabu, andika, na ujilinganishe na wewe mwenyewe wiki kwa wiki.

Kisha chukua nywele chache kati ya hizo uziweke juu ya kitambaa cheusi na uangalie ncha zake. Ukiona kivimbe kidogo cheupe upande mmoja, unywele umetoka na kitako chake. Huo ni wa mnyonyoko. Ncha zote mbili zikiwa hazina kivimbe, unywele umekatika njiani, na tatizo ni ukavu, kemikali au kuchana kwa nguvu. Msongo hauna sehemu hapo. Nywele zetu ni bapa zikikatwa kwa wembe na kutazamwa kwa ukubwa, na zimejipinda tangu ndani ya ngozi. Kila pindo ni mahali pa kukatikia, ndiyo maana kutenganisha kunyonyoka na kukatika ni lazima kabla ya jambo lingine lolote.

Kama nywele zinashikika, fanya jaribio la kuvuta. Shika kiasi cha nywele 50 kati ya kidole gumba, cha shahada na cha kati, karibu na ngozi, kisha vuta kwa uthabiti bila kushtua, ukielekea kwenye ncha. Rudia sehemu nne. Zikitoka 3 au zaidi zenye kivimbe katika kila sehemu, mnyonyoko unaendelea kichwa kizima. Zikitoka utosini tu huku kisogoni zimeshika imara, waza upara wa kurithi.

Wenye dredi wasisubiri kuona nywele zikianguka. Unywele ulionyonyoka hubaki umenaswa ndani ya dredi, hauonekani popote. Angalia shingo ya dredi, pale inapotokea ngozini. Ikiwa juu ni nene na shingoni imekuwa nyembamba kama uzi, nywele nyingi za mzizi huo zimeshatoka, na uzito wote sasa umebebwa na chache zilizobaki.

Mwisho, tumia kalenda. Andika mwezi ulioanza kuona mabadiliko, rudi nyuma wiki 8 hadi 12, na uorodheshe kila kilichotokea hapo: homa, ajali, kifo, talaka, kupoteza kazi, chakula kilichopunguzwa sana, dawa mpya. Ukipata tukio, ngozi ni safi, na nywele zimepungua kwa usawa kichwa kizima, basi maelezo ya msongo yanakubalika.

Yasiyo ya kusubiri

Kwenye ngozi nyeusi wekundu wa uvimbe hauonekani kama unavyochorwa vitabuni. Huonekana kama weusi uliozidi, zambarau au kijivu, na mara nyingi utaugundua kwa kidole kabla ya jicho: joto, maumivu, ngozi iliyonyanyuka. Nenda kwa daktari wa ngozi bila kungoja ukiona mojawapo ya haya.

Mabaka ya mviringo yaliyo laini kabisa, bila magamba, yaliyotokea ndani ya siku au wiki chache, hasa kama ndevu au nyusi nazo zina pengo. Hii ni alopesia areata: kinga ya mwili inaishambulia mizizi. Wengi huitaja msongo kama kichocheo, lakini kutuliza mawazo peke yake hakuitibu. Daktari huweza kuchoma sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, ndani ya baka kila wiki 4 hadi 6, na kwa hali iliyoenea kuna vidonge vya kundi la vizuizi vya JAK, vinavyopunguza shambulio hilo la kinga. Cha kwanza cha aina hiyo kuidhinishwa Marekani kwa ugonjwa huu, barisitinibu, kilipitishwa Juni 2022.

Uvimbe laini unaobonyea, wenye maumivu na usaha, unaounganika chini ya ngozi utosini au kisogoni. Ugonjwa huu huwapata zaidi wanaume weusi wa miaka 20 hadi 40 na huacha makovu. Usiuminye.

Baka lenye ngozi inayong'aa, lisilo na vitundu vya nywele ukilitazama kwa karibu, au lenye weupe katikati na weusi pembezoni. Hilo ni kovu linalojengeka, na kila wiki unayochelewa mizizi inapotea. Angalia na masikio pia, maana lupasi ya ngozi, ugonjwa mwingine wa kinga kuushambulia mwili, hupenda kukaa kwenye bakuli la sikio.

Nywele zilizotoka ovyo ovyo kama zimeliwa na nondo, pamoja na vipele kwenye viganja au nyayo: pima kaswende. Inatibika kwa sindano, na hii ni sababu ambayo wanaume wengi huificha nyuma ya neno stresi.

Baka lenye magamba na nywele zilizokatika usawa wa ngozi linaweza kuwa fangasi. Fangasi wa ndani ya unywele hawaondoki kwa krimu ya kupaka, wanahitaji vidonge.

Kuosha: hapa ndipo wengi wanapoharibu

Mafuta ya asili ya ngozi hayawezi kutambaa vizuri kwenye unywele uliojikunja. Matokeo yake nywele ni kavu hata pale ngozi ilipo na mafuta tele. Mwanaume anaona unga mweupe, anagusa nywele zikiwa kavu, anahitimisha kuwa ngozi imekauka, anapaka mafuta mazito. Magamba yanalainika kwa siku moja au mbili, kisha yanarudi mengi zaidi. Sababu ni hamira wa ngozi waitwao Malasezia, ambao huishi kwa kula mafuta. Mafuta ya mzeituni na mengine mengi ya kupaka ni chakula chao. Mba unaoambatana na msongo ukilishwa mafuta kila asubuhi hauwezi kuisha.

Kutofautisha ni rahisi. Magamba makubwa, ya manjano au kijivu, yanayoshika kwenye ngozi na kuteleza kidogo, pamoja na madoa yaliyopauka kwenye mstari wa nywele, nyusi, pembeni mwa pua au ndani ya ndevu, ni mba wa mafuta. Unga mkavu mwepesi, bila mwasho mwingi, ulioanza baada ya kubadilisha shampuu au kuosha kwa maji ya moto, ni ukavu wa kweli.

Kwa mba, nunua shampuu yenye ketokonazoli asilimia 2, au zinki pirithioni asilimia 1, au seleniamu salfaidi. Maelekezo ya kifurushi mara nyingi husema mara mbili kwa wiki. Kwa nywele za kipilipili zilizo ndefu mara moja kwa wiki inatosha, la sivyo zitakauka na kukatika. Mwenye nywele chini ya sentimita moja anaweza kuosha mara mbili kwa wiki bila madhara. Fanya hivi:

1. Lowesha kichwa kwa maji ya vuguvugu dakika 1 nzima. Maji ya moto yanaongeza mwasho.
2. Mimina mililita 5 hadi 10, yaani kijiko kimoja au viwili vya chai, kwenye viganja, na uifikishe kwenye ngozi. Kwa dredi au nywele zilizosukwa tumia chupa ya mdomo mwembamba ufuate njia kati ya mafungu.
3. Sugua kwa nyama ya vidole, kamwe si kwa kucha, ukigusa kisogo, nyuma ya masikio na mstari wa mbele.
4. Acha dakika 5. Dawa inayosuuzwa papo hapo haikufanya kazi yoyote, na hili ndilo linalowafanya wengi waseme shampuu haifai.
5. Suuza mpaka utelezi uishe. Paka kondishena kwenye nywele tu, usiifikishe ngozini, kisha suuza.
6. Kausha kwa kukandamiza taulo. Dredi zikauke hadi ndani kabla ya kuzifunika au kulala, maana unyevu uliobaki katikati huota ukungu na kunuka.

Nenda hivyo wiki 4, halafu punguza hadi mara moja kila wiki mbili ili mba usirudi. Mba hauponi moja kwa moja. Hutulizwa, na msongo ukirudi huja tena. Usipoona nafuu kufikia wiki ya 6, daktari aangalie kama ni kitu kingine, kwa mfano soriasisi, ugonjwa wa ngozi unaoleta magamba mazito. Na tahadhari: krimu zinazochanganya dawa ya fangasi na steroidi kali hutuliza mwasho siku ya pili na kumfanya mtu aamini amepona. Zikitumika wiki nyingi bila usimamizi hukondesha ngozi, huipausha, na huwaficha fangasi badala ya kuwaua.

Kama unahitaji kulainisha, paka losheni nyepesi ya maji kwenye nywele zenyewe zikiwa bado na unyevu. Ngozi yenye mba iache bila mafuta.

Badilisha foronya kila wiki, na fua kofia na kitambaa cha kufungia nywele mara kwa mara. Jasho na mafuta yaliyokaukia humo hurudi kichwani kila usiku, na kitambaa kinachobana mpaka kuacha alama kwenye paji kinavuta mstari wa mbele wa nywele saa nane mfululizo.

Mkono unaopanda kichwani

Ukiwa na mawazo, mkono hupanda wenyewe. Unakuna kisogo, unabandua ganda, unasokota dredi moja ileile, unang'oa ndevu. Ngozi inayokunwa kwa miezi hunenepa na kuwa nyeusi, na nywele zake hukatika. Kumwambia mtu aache hakusaidii. Mpe mkono kazi nyingine. Kwa siku 7 andika kila mara unapojikuta unakuna: saa ngapi, ulikuwa unafanya nini. Utaona mpangilio, mara nyingi mbele ya kompyuta, kwenye foleni ya magari, au kitandani na simu. Kisha, mkono ukianza kupanda katika nyakati hizo, kunja ngumi zote mbili na uziweke mapajani dakika 1 mpaka hamu ipite. Mwasho ukiwa mkali, kandamiza kitambaa cha maji baridi dakika 5 badala ya kukuna. Kata kucha ziwe fupi kabisa. Mtu anayeng'oa nywele zake na hawezi kuacha ana hali inayotibika kwa ushauri nasaha, na hapaswi kuona aibu kulisema mbele ya daktari.

Kwa kinyozi, na kwa anayekusuka

Ngozi ikiwa na mwasho, vipele au michubuko, mwambie kinyozi asishuke chini ya kinga ya mashine namba 1, ambayo huacha milimita 3. Asitumie wembe kuchonga mstari wa mbele wala kisogo. Unywele uliojipinda ukikatwa usawa wa ngozi, ncha yake kali huweza kurudi na kutoboa ngozi kutoka pembeni, na mwili unaushambulia kama mwiba. Kisogoni, vipele hivyo visipotulizwa hugeuka kuwa manundu magumu ya kovu, na hata yakiondolewa kwa upasuaji huweza kurudi. Msongo si chanzo chake, lakini vidole vyenye wasiwasi vinavyoyachokonoa na kola ngumu inayoyasugua huyakuza. Nyoa kila wiki 3 au 4 badala ya kila wiki mpaka yatulie. Kitana na meno ya mashine visafishwe kwa dawa ya kuua vijidudu kabla ya kukugusa. Ukiweza, kuwa na mashine yako.

Wanaume wengi walioanza kupungukiwa nywele huomba wapakwe rangi nyeusi kuficha. Rangi hizo zina kemikali inayoweza kuleta mzio mkali, hasa kwenye ngozi iliyokwisha kuchubuka. Jaribu tone nyuma ya sikio na usubiri saa 48. Ngozi ikiwa na kidonda, usipake kabisa.

Dredi zisisokotwe upya kila wiki mbili. Wiki 6 hadi 8 ni nafasi nzuri, na wakati wa mnyonyoko ni heri uchelewe zaidi. Ukitoka umesukwa na unahitaji dawa ya maumivu ili ulale, zimebana kupita kiasi, zilegeze siku hiyo hiyo. Vijipele vidogo kwenye mstari wa mbele ni onyo la kwanza la upara wa kuvutwa. Ukilegeza wakati huo nywele hurudi. Ukiendelea miaka, mstari unahama na haurudi.

Kuutuliza mwili

Hakuna mafuta yanayoshinda mwili ulio kwenye tahadhari saa zote. Anza na usingizi: chagua saa moja ya kuamka na uishike siku zote 7, wikendi ikiwemo, ukilenga angalau saa 7 za kulala. Saa ya kuamka ni rahisi kuitawala kuliko ya kusinzia, na baada ya wiki mbili hivi usingizi wenyewe hujipanga nyuma yake. Ongeza mwendo, dakika 150 kwa wiki kama Shirika la Afya Duniani linavyopendekeza. Kutembea kwa haraka dakika 30 kwa siku 5 kunatimiza. Kwa nyakati za presha, pumua polepole dakika 5: vuta kwa sekunde 4, toa kwa sekunde 6. Hizo ni pumzi 6 kwa dakika, na mapigo ya moyo hushuka ukiwa bado umekaa kwenye kiti.

Wanaume wengi wamelelewa wabebe mambo kimya. Ukikosa hamu ya vitu ulivyokuwa unavipenda, ukakosa usingizi, ukawa na huzuni au hasira karibu kila siku kwa wiki 2, hilo ni jambo la kumwambia mhudumu wa afya, na lina tiba. Ukijiwa na mawazo ya kujidhuru, tafuta msaada siku hiyo hiyo, nywele zitasubiri.

Katika chakula, kinachohusu nywele zaidi ni kutojinyima. Mtu mzima anahitaji protini takriban gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito wake, kwa hiyo mwenye kilo 70 anahitaji gramu 56 kwa siku. Kupunguza uzito kwa kasi ni mshtuko kamili kwa mizizi, na wengi waliokazana na mazoezi na njaa ili kuondoa stresi walipata mnyonyoko kwa sababu hiyo. Vidonge vya madini ya chuma usimeze bila kupimwa feritini, yaani akiba ya chuma mwilini. Mwanaume hapati hedhi, kwa hiyo akiwa na upungufu wa chuma daktari lazima atafute damu inapotelea wapi, mara nyingi tumboni. Vidonge vya "nywele na kucha" vingi vina biotini nyingi, na biotini huweza kupotosha vipimo vya tezi ya thairoidi na hata kipimo cha moyo cha troponini. Mwambie daktari unavimeza, akueleze uache siku ngapi kabla ya kupimwa. Vitamini A au seleniamu vikizidi, vyenyewe hunyonyoa nywele.

Dawa za kuotesha

Mnyonyoko wa msongo hauhitaji minoksidili, dawa ya kupaka ya kuotesha nywele, unahitaji muda. Lakini mara nyingi msongo hufichua upara wa kurithi uliokuwa ukienda taratibu, na hapo minoksidili ya asilimia 5 ina nafasi. Ya povu hupakwa nusu ya kifuniko, ya maji mililita 1, mara mbili kwa siku, kwenye ngozi kavu. Ya maji ina propilini glaikoli inayowasha ngozi za wengi, kwa hiyo mwenye mba au mwasho achague povu. Katika wiki 2 hadi 8 za kwanza nywele hutoka zaidi kwa sababu zilizopumzika zinasukumwa na mpya. Wengi huacha hapo, wakati ndipo dawa imeanza kazi. Ipe miezi 4 hadi 6 kabla ya kuhukumu. Mwenye ugonjwa wa moyo aulize daktari kwanza.

Finasteridi ya miligramu 1, kidonge cha upara wa kurithi, ni ya kuandikiwa na daktari, na kwa mwanaume mweusi ina jambo la kukumbukwa. Hushusha kipimo cha damu cha tezi dume kiitwacho PSA kwa takriban nusu. Wanaume weusi wana hatari kubwa zaidi ya saratani ya tezi dume, hivyo majibu yanayoonekana mazuri yanaweza kuwa yamepunguzwa na kidonge cha nywele. Pima PSA kabla ya kuanza, na kila utakapopimwa baadaye mtajie daktari dawa hiyo hata kama hujaulizwa.

Muda wa kutarajia

Mwasho na magamba yanapaswa kupungua ndani ya wiki 2 hadi 4 za kuosha vizuri. Mnyonyoko hupungua miezi 3 hadi 6 baada ya chanzo kuondoka. Nywele zetu hukua polepole kidogo, karibu sentimita 0.8 kwa mwezi, kwa hiyo mwenye kunyoa fupi atajaza pengo ndani ya miezi michache, lakini mwenye dredi za kufika mabegani atasubiri miaka kabla nywele mpya kufikia urefu wa zile za zamani. Dalili njema ya mapema ni nywele fupi zenye ncha nyembamba zinazosimama kwenye mstari wa mbele.

Mnyonyoko ukizidi miezi 6, nenda kwa daktari wa ngozi na picha zako za kila mwezi, kalenda ya matukio, orodha ya dawa na virutubisho vyote, na chupa za unachopaka. Usinyoe wiki mbili kabla, na siku hiyo usipake mafuta wala rangi. Mwombe aangalie ngozi kwa darubini ya mkono, apime damu kamili, feritini, thairoidi na kaswende. Akishuku kovu, atapendekeza kukata kipande cha ngozi cha milimita 4 kwa ganzi, kichukuliwe pembezoni mwa baka palipo na uvimbe hai, kwa sababu katikati palipokwisha kukauka maabara haitaona chochote zaidi ya kovu.